Mtambo wa Taka na Kifua cha Mwanangu

Kwetu hatukuwa na taka mpaka watu wa mradi walipokuja kuzitafuta.

Kisiwa chetu kiko upande wa Mbwera, kule ambako mto unakatikakatika kuwa vijito na mtu huenda kumzika jirani kwa mtumbwi. Nyumba ikitwanga mpunga, pumba ni za kuku. Kifuu cha nazi kinarudi jikoni kuwa moto wa chai. Vichwa vya samaki ni vya paka, maganda ya muhogo ni ya mbuzi, ndoo ikitoboka inapandwa mchicha. Kinachobaki baada ya hapo ni nailoni, chupa za maji na pampasi za watoto. Hivyo tulivitupa mtoni maji yanapotoka, na maji yakavipeleka kwa wenzetu wa chini. Sisemi tulifanya vizuri. Nasema ndivyo tulivyofanya.

Watu wa mradi walikuja na boti la faiba na makoti yanayong'aa. Wakajenga banda la mabati karibu na gati, wakaweka mashine ya kusaga, mashine ya kugandamiza, tanuri, bwela la kuchemshia maji na jenereta ya kuzungushwa na mvuke. Taka zisagwe, zigandamizwe ziwe vitofali, vitofali viingie tanurini, umeme utoke. Msimamizi wao, kijana mwenye sauti nzuri, alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akasema taka zetu ni mali. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mbele yangu. Akamgeukia jirani yake akasema, "Kama ni mali, kwao wameziacha na nani?"

Watu walicheka, lakini walijiandikisha. Sharti lilikuwa kila nyumba inayotaka taa ilete gunia la taka kavu kila juma. Hapo ndipo tulipojua kwamba hatuna taka. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakigombea kuti lililoanguka katikati ya viwanja viwili. Nimeona mtu akichana mkeka ambao bado unalalika. Vifuu vikaenda kwenye magunia, na jikoni tukaanza kupikia mikoko, ambayo ukikamatwa nayo ni kesi. Ila taa ziliwaka, na taa zikishawaka hakuna anayeuliza chungu kimepikiwa nini.

Mimi sikujiandikisha kwa ajili ya taa. Nilijiandikisha kwa ajili ya mashine moja iliyokuwa zahanati, imefunikwa kitambaa cha maua kama redio ya bibi harusi.

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati wake. Kifua chake tangu mwanzo kilikuwa cha shida. Akipata mafua kidogo tu, mbavu zinaingia ndani, shingo inachimbika, pua inatanuka. Wanaojua pumu ya mtoto mdogo wananielewa. Muuguzi wa zahanati alinionyesha ile mashine mtoto akiwa bado hajakaa. Unatia dawa kwenye kikombe, mashine inaigeuza mvuke, mtoto anavuta kwa barakoa.

"Sasa mbona humwekei, sista?" nikamwuliza.

"Sola yetu inatosha taa na simu yangu. Hii inakula umeme kama shangazi wa mjini."

Kwa hiyo msimamizi aliposema umeme, wenzangu walisikia mpira, friji na kuchaji simu. Mimi nilisikia ile mashine. Mara ya kwanza ilipowashwa kwa mwanangu ilinguruma juu ya meza, mvuke ukamfunika uso, na baada ya muda nikaona zile mbavu zinatulia. Akalala mdomo wazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba ule mtambo umejengwa kwa ajili ya mtoto wetu, wengine wamedandia tu.

Yeye alishaajiriwa pale, kulisha tanuri. Kabla ya hapo alikuwa akikata mikoko na kukimbizana na askari wa misitu. Mimi nikachukuliwa kuchambua, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne kule Kibiti na nilikaa semina yote bila kusinzia. Wanawake wengine waliokuja kuchambua walishindwa na funza na harufu, wakaondoka. Nikabaki peke yangu na koleo na glavu zilizotoboka.

Semina ilifundisha hivi: pumba, vifuu, makuti, karatasi na magamba ya kamba viende kwenye mashine. Nailoni, chupa na kila kitu cha plastiki kiwekwe kando, boti litakuja kukipeleka Dar. Nikaweka kando. Boti halikuja. Nyuma ya banda chupa zikawa kilima, mtu akisimama upande huu hamwoni wa upande ule.

Kisha ikaja masika.

Kwetu masika si mvua ya kupita. Kila kitu kinalowa, hata kilicho ndani ya kabati. Magunia yakaletwa yanachuruzika. Vitofali vikatoka kwenye mashine laini kama bumunda, vikiingia tanurini vinafuka tu, haviwaki. Mvuke ukakosa nguvu, taa zikawa za rangi ya chai. Na wakubwa walikuwa wanatarajiwa kuja kuuona mradi. Msimamizi akaja nyuma ya banda, akaangalia kile kilima cha chupa na nailoni muda mrefu, mikono kiunoni.

"Changanya hizi," akasema. "Zinaamsha moto."

"Bosi, kwenye semina ulisema plastiki haichomwi."

"Nilisema isichomwe ovyo. Hapa tunachoma kitaalamu."

Utaalamu wenyewe ulikuwa bomba la moshi lililozidi paa la banda kwa kimo cha mtoto. Plastiki ikaingia, moto ukaamka kweli, taa zikang'aa, wakubwa wakaja wakapiga picha wakaondoka. Kilima kikaanza kupungua. Kilipofika nusu, msimamizi akatafuta kingine. Akawapa vijana kazi ya usafi wa mto, na hiyo nayo ikapigwa picha. Vijana wakaingia kwenye mizizi ya mikoko na mitumbwi, wakarudi na vitu vyote ambavyo kisiwa kizima kilivitupa majini. Zaidi ya nusu ilikuwa pampasi.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu si kila msomaji ni wa kwetu. Kwetu choo cha mtoto hakichomwi moto. Kilichotoka mwilini mwa mtoto mchanga bado ni chake, na ukikichoma, moto unamfuata mwenyewe. Atatoka malengelenge makalioni, tumbo litawaka, kifua kitabana. Ndiyo maana pampasi zinapelekwa majini, kwa kuwa maji yanapoza. Mwanamke anayeswali sala tano na aliyeacha sala, aliyesoma na asiyesoma, wote hawachomi. Ndiyo maana katika magunia yote yaliyoletwa bandani kwa hiari, sikuwahi kukuta pampasi hata moja.

Mimi nilikuwa siamini. Nilisoma baiolojia, kinyesi ni kinyesi. Msimamizi aliponiambia nizianike kwenye chanja nyuma ya tanuri zikauke, maana pampasi ni plastiki na pamba na ikikauka inashinda kuni, nilizianika. Nilichokataa si pampasi. Nilichokataa ni moshi.

Moshi wa plastiki hauendi juu wakati wa masika. Unatoka bombani mweusi, unapigwa na hewa nzito, unashuka kwenye paa za watu kama mtu anayetafuta pa kukaa. Nguo zilizoanikwa barazani zilipata madoa yasiyotoka. Maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa yakawa na utando. Watoto wa chuo cha Kurani walikohoa mpaka ustadhi akawahamishia darasa upande wa pili wa msikiti. Na nyumba yangu iko karibu na gati, kutoka bandani ukiita naitika.

Mwanangu hakupata nafuu tena. Alikuwa anabanwa mara moja moja. Sasa ikawa mvua mbili haziwezi kupita bila kubanwa. Nambeba naenda zahanati. Muuguzi anaondoa kile kitambaa cha maua, anawasha mashine, mashine inanguruma kidogo halafu inalegea, kwa sababu kijiji kizima kimewasha tivii na feni. Muuguzi anachukua simu, anapiga bandani.

"Ongezeni moto huko. Nina mgonjwa."

Na huko bandani anayepokea maneno hayo ni mume wangu. Anachota kwa koleo, anatupa tanurini. Mimi nimekaa kwenye benchi, nimemshikia mtoto barakoa usoni, nautazama kupitia dirisha ule moshi unavyokuwa mzito. Mashine inapata nguvu. Mtoto anafunguka. Namfunika kanga mpaka puani, napita naye katikati ya moshi uleule kurudi nyumbani, na kesho kutwa tunarudi. Nimefanya hivyo masika yote. Kama kuna mtu anadhani nimetia chumvi, aende akamwulize muuguzi.

Nilikwenda kwa msimamizi. Si mara moja.

"Moshi wako unaingia nyumbani kwangu."

"Dada, hakuna sehemu iliyoendelea isiyo na moshi. Hujafika Dar?"

"Mwanangu ana pumu."

"Na mashine ya pumu inaendeshwa na nini?"

Akacheka. Hakuwa anakejeli, alicheka kama mtu aliyepata jibu zuri la mtihani, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nikaenda kwa mwenyekiti, akasema mradi una wenyewe. Nikamwambia mume wangu aache kutupa plastiki.

"Nikiacha mimi atatupa mwingine."

"Basi atupe mwingine."

"Halafu mimi nirudi mikokoni nikamatwe? Utakuja kuniona lini, siku za wageni?"

Usiku na mchana tulikuwa tunaongea hivyo, nusu maneno, nusu kubamiza sufuria. Mtu aliyekuwa ananielewa hakuwepo. Nilisema moshi, moshi, moshi, mpaka mawifi zangu wakaniita kengele.

Aliyekuja kuuzima ule moto ni mama mkwe wangu, na sababu yake haikuwa moshi.

Siku hiyo aliniletea chakula kazini, ugali wa bada la muhogo na kamba. Mlango wa mbele wa banda ulikuwa na tope, akazunguka nyuma. Akaiona chanja.

"Nini hivi mmeanika kama samaki wa ng'onda?"

Akasogea, akashika moja kwa ncha za vidole, akaigeuza.

"We mwanamke. Hizi ni pampasi."

"Ndiyo, mama."

"Za nani?"

"Za watu. Zimetolewa mtoni."

"Na za mjukuu wangu zimo?"

Pampasi zikiwa kwenye chanja hazina majina. Aliweka bakuli chini kwenye majivu, akajifunga kanga vizuri.

"Kumbe tunahangaika na zahanati, mchawi tunaye nyumbani. Unamkaanga mwenyewe, kisha unambeba kwenda kumpoza kwa mashine."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu.

Jua lilipozama hapakuwa na jiko ambalo halikuwa na habari. Kesho yake nilikwenda kisimani, wanawake wakaanza kupisha, kwa adabu kubwa, kila mmoja akivuta ndoo yake.

"Mpisheni, mpishi anapita."

"Shoga, leo mmepika wa nani? Kama ni wangu nijue, nimchinjie kuku wa kafara."

"Wangu ameamka na upele. Nimlete bandani mummalizie?"

Mwingine, ambaye tulikaa dawati moja shule ya msingi, hakutania. Aliniuliza taratibu, "Ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akabeba ndoo yake akaondoka na maji nusu.

Nyumbani nako mama mkwe alianza kumchukua mtoto kila asubuhi kumpeleka mtoni kumwogesha kwa maji baridi, apozwe. Mtoto mwenye pumu, asubuhi, masika. Tulivutana naye yule mtoto kama watu wanaogombea shuka. Nilimwambia mama, huyu hakuchomwa na pampasi, amechomwa na moshi. Akasema moshi wa nini? Na moshi wenyewe ulikuwa na pampasi ndani.

Juma hilo hakuna nyumba iliyoleta gunia. La pili vilevile. Wanawake walizuia hata pumba. Vijana wa usafi wa mto waliambiwa na mama zao kwamba atakayegusa pampasi tena asirudi kula nyumbani, na kijana wa kwetu anaweza kukaidi serikali lakini hawezi kukaidi chungu. Kilima cha plastiki nyuma ya banda kikafika chini. Taa zikaanza kurudi rangi ya chai.

Msimamizi akaitisha mkutano. Kabla ya mkutano alikuja kwangu mchana, na soda ya mtoto mkononi. Mume wangu alimpa kiti.

"Wewe ni msomi," akaniambia. "Hawa wakinisikia mimi wanasikia mgeni. Simama wewe, waambie kuchoma pampasi hakumdhuru mtoto. Ni imani potofu tu."

"Na moshi?"

"Bomba tutalirefusha. Bajeti ikija."

"Na plastiki?"

"Tutapunguza." Kisha akamwangalia mume wangu. "Huyu tunataka tumpeleke mafunzo, awe fundi kamili."

Mume wangu alinitazama tu, na sijawahi kumwona ananiomba kitu kwa macho namna ile, hata siku ya kunichumbia.

Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Nikisimama na kusema anavyotaka, wanawake wengine watanisikiliza, magunia yatarudi, mashine ya mwanangu itanguruma, na moshi utaendelea kumpeleka kwenye ile mashine. Nisiposema, moto utazimika, moshi utaisha, na akibanwa tena hakuna mashine. Nilitafuta njia ya tatu sikuiona. Nimesoma, lakini hakuna somo nililofundishwa la kuchagua hewa au dawa ya mtoto mmoja.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Nilisimama na mtoto mgongoni. Siku hiyo alikuwa si mzima si mgonjwa, alikuwa na ile hali yake ya kila siku.

Nikasema, "Msimamizi ananiomba niwaambie kilichochomwa pale hakijamdhuru mtoto. Mimi ndiye mchambuaji. Zimechomwa nailoni, zimechomwa chupa, zimechomwa pampasi zenu na za kwangu. Mimi naona kinachodhuru ni moshi wa plastiki. Nyie mnaona ni pampasi. Mtoto ni huyu. Msinisikilize mimi, msikilizeni yeye."

Nikamfungua, nikamvua kigauni. Mwanamke wa kwanza kuja alikuwa yule wa dawati moja. Akaweka sikio kwenye mgongo wa mwanangu, akafumba macho. Alipoinuka akampisha mwenzake. Wakaja mmoja mmoja, hata wale wa kisimani. Mtoto alidhani ni mchezo, kila sikio likimgusa anacheka, na akicheka ndiyo kifua kinalia zaidi. Msimamizi alikuwa anasema jambo kuhusu elimu ya jamii, hakuna aliyemgeukia. Wa mwisho alikuwa mama mkwe. Yeye alikaa na sikio pale muda mrefu.

"Kinalia kama mlango," akasema.

Wakanyanyuka wakaondoka. Maneno yangu ya nailoni waliyasahau palepale uwanjani. Walichokwenda nacho ni habari ya pampasi. Sikuwafuata kuwasahihisha. Tangu masika yaanze nilikuwa nimewapa sababu ya kweli, wakaniita kengele. Kama sababu yao ndiyo itakayouzima ule moto, iuzime. Hata leo sijutii, anayetaka nijute aje auvute yeye ule moshi.

Tanuri lilipoa. Msimamizi na wenzake walikaa kidogo, wakafunga vyumba, wakaondoka na jenereta kwenye boti. Tanuri na bwela viko palepale, kuku wanatagia ndani. Taa zikaisha, barafu ya samaki ikaisha, tivii ikawa kioo cha kujitazamia. Mume wangu alihamia kwa kaka yake bila kunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Na hewa ikasafika. Mwanangu alipumua. Alianza kukimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya zaidi ya hatua chache. Nikajidanganya kwamba nimechagua vizuri.

Halafu mafua yakapita kijijini, mafua ya kawaida ambayo watoto wengine waliyaponea barazani wakicheza. Kwake yalishuka kifuani kwa siku moja. Mbavu zikaingia, midomo ikabadilika rangi. Nikakimbia zahanati. Kile kitambaa cha maua kilikuwa kimesharudi juu ya mashine.

"Dada," muuguzi akasema, "mashine ninayo, dawa ninayo. Moto wa kuiendesha ndio hakuna." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mtafute mumeo. Mtoe hapa sasa hivi."

Mume wangu alikuja na boti la kaka yake, injini imeshawaka. Njia nzima hadi Nyamisati alimshika mtoto wima kifuani pake, mgongo kwenye upepo, na kaka yake akaendesha. Kutoka Nyamisati tukapata gari la samaki. Nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto, nikikosa moja namtikisa.

Hospitali ya Kibiti tuliikuta haina umeme. Ulikatika, jenereta yao ilikuwa inawasha chumba cha upasuaji peke yake. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilijisemea basi, nimemwua.

Daktari wa zamu alikuwa binti, labda mdogo kuliko mimi. Alimsikiliza mtoto, akafungua droo, akatoa kikopo kidogo cha dawa ya kuvuta. Akageuka nyuma.

"Nani ana chupa ya maji?"

Mume wangu alikuwa nayo, ya kwenye gari, imebaki nusu. Daktari akamwaga maji kwenye sinki. Kwa wembe akakata tundu kitakoni mwa chupa, la ukubwa wa mdomo wa ile dawa, akaichomeka ikabana. Shingo ya chupa akaitia mdomoni mwa mwanangu, akazungushia vidole midomo isivuje. Akabonyeza. Ukungu ukajaa ndani ya chupa, mtoto akauvuta. Akabonyeza tena. Aliendelea hivyo huku anamwimbia kitu, na nikaona shingo inaacha kuchimbika, mbavu zinatulia, rangi inarudi midomoni. Bila waya wowote.

"Hii ni sawa na ile mashine?" nikamwuliza.

"Kwa watoto wengi inafanya kazi vizuri tu. Dawa inataka mahali pa kutulia kabla haijavutwa. Hamkuelekezwa?"

"Hatukuelekezwa."

"Ni chupa tu," akasema, kwa wema kabisa. "Huko kwenu hazipo?"

Mume wangu alitoka nje. Nilipomfuata baadaye nilimkuta ameinama kwenye ukuta, anaiangalia mikono yake. Mikono ile ilitupa tanurini kilima kizima cha chupa, ili ipatikane nguvu ya kuendesha mashine, ili mtoto apate dawa ambayo ingepita kwenye chupa moja. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa yake tena. Ilikuwa ya watu waliotuletea semina ya siku nzima, chakula na picha juu, na hakuna aliyeuliza ile mashine tunaitakia nini.

Tulirudi pamoja. Sasa hivi tunakaa zaidi shambani, kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu katikati ya mpunga, mbali na kijiji. Hewa ya huko haina mtu. Chupa na kikopo cha dawa vinaning'inia kwenye msumari, vimefungwa kwenye kanga. Dawa yenyewe ya kikopo zahanati haipo; mume wangu anaifuata Utete au Kibiti, na mara nyingine anarudi bila kitu.

Kijijini wapo wanaonisalimu na wapo wanaoniita Aliyezima Taa. Yule mwenzangu wa dawati alijifungua baada ya mtambo kuondoka. Giza lilishaingia, muuguzi alimshona kwa tochi ya simu, na hakushonwa vizuri. Anatembea kwa shida mpaka leo. Tukikutana ananiuliza hali ya mtoto, na mimi namwuliza yake, halafu kila mmoja anashika njia yake. Pampasi zimerudi mtoni. Mikoko ya gati imevaa nyeupe tena, na wanawake wanasema afadhali, zinapoa.

Mama mkwe analala na sisi dunguni msimu wa kuinga ndege wasile mpunga. Asubuhi kabla sijaamka yeye ameshaweka sikio kwenye mgongo wa mjukuu wake.

"Kimenyamaza," ananiambia. Anaamini ni maji yaliyompoza. Nimeacha kubishana naye.

Nami naiondoa ile dawa msumarini, naitikisa karibu na sikio nisikie kama bado kuna kitu ndani. Leo kimesikika kidogo. Mume wangu ameondoka na mtumbwi alfajiri kwenda kutafuta nyingine, na mpaka naandika hapa bado hajarudi.